Mbinu za kupima iwapo majengo ya Garsen na Tana River yanaweza kuhimili tetemeko la ardhi

MJI wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River, hutajwa sana katika vyombo vya habari nyakati za mafuriko. Mto Tana unapovunja kingo zake, kama ulivyofanya wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998, na tena 2018, 2023 na 2024, wakazi wa vijiji vya nyanda za chini huhama na kutafuta mahali palipoinuka. Wengi wao huishia kulala katika madarasa ya shule.

Ni wachache wanaozitazama kuta za madarasa hayo na kujiuliza swali jingine: je, ardhi ikitikisika, zitasimama?

Swali hilo lina majibu ya kitaalamu. Wahandisi wa ujenzi wana mbinu kadhaa za kuchunguza jinsi jengo litakavyostahimili tetemeko la ardhi. Nyingine hufanywa kwa macho na kalamu kwa muda usiozidi saa moja, na nyingine huhitaji kompyuta na wiki kadhaa za hesabu. Lakini mahali kama Garsen, penye ardhi ya udongo ulioletwa na mto, uchunguzi wowote usioanzia chini ya msingi ni sawa na kumpima mgonjwa nguo badala ya mwili.

HATARI IKO WAPI?

Tana River si eneo linalojulikana kwa mitetemeko mikubwa. Nchini Kenya, hatari kubwa iko katika Bonde la Ufa. Tetemeko lenye nguvu zaidi kuwahi kurekodiwa nchini lilitokea Subukia mnamo Januari 6, 1928, likiwa na kipimo cha takriban 6.9, na likaacha ufa mrefu ulioonekana juu ya ardhi. Wakati huo eneo hilo lilikuwa na watu wachache na majengo machache ya mawe.

Hali haikuwa hivyo mjini Bukoba, Tanzania, mnamo Septemba 10, 2016. Tetemeko la kipimo cha 5.9, ambalo kitaalamu huhesabiwa kuwa la wastani, liliua watu zaidi ya 15, likajeruhi mamia na kubomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya hata zikalazimika kufungwa. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali yaliyounganishwa kwa udongo au saruji hafifu, bila mkanda wa zege wa kuzifunga kuta pamoja.

Pwani nayo haiko nje kabisa ya hatari. Mnamo Agosti 12, 2020, tetemeko la kipimo cha takriban 6 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi karibu na pwani ya Tanzania, na wakazi wa Dar es Salaam wakakimbia kutoka katika majengo marefu.

Aidha, umbali kutoka kitovu cha tetemeko si kinga kamili. Mnamo Septemba 19, 1985, tetemeko la kipimo cha 8 lilitokea katika pwani ya Mexico. Jiji kuu la nchi hiyo lilikuwa zaidi ya kilomita 350 kutoka hapo, lakini maelfu ya watu walikufa humo. Sehemu kubwa ya jiji ilijengwa juu ya matope laini ya ziwa la kale. Matope hayo yaliyapokea mawimbi dhaifu yaliyotoka mbali na kuyakuza mara kadhaa. Majengo yaliyosimama juu ya mwamba katika jiji hilohilo hayakupata madhara kama hayo.

UDONGO KWANZA

Funzo la Mexico ndilo linaloifanya Garsen kuwa mahali pa kuangaliwa. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, umekuwa ukibeba mchanga, tope na mfinyanzi kutoka nyanda za juu na kuutandaza katika delta kwa maelfu ya miaka. Mwamba mgumu umefunikwa na tabaka nene za mashapo. Karibu na mto, maji ya chini ya ardhi hayako mbali na uso wa nchi.

Zaidi ya hayo, mto wenyewe haukai mahali pamoja. Umebadilisha njia mara nyingi na kuacha mikondo mikavu iliyojaa mchanga. Hata mdomo wake wa leo wa Kipini ulitokana na mabadiliko ya aina hiyo: katika karne ya 19 mfereji wa Belazoni ulichimbwa kuunganisha Tana na mto Ozi, na hatimaye maji ya Tana yakaifuata njia hiyo.

Historia hiyo ina maana kubwa kwa mhandisi. Mchanga mlegevu uliojaa maji, ukitikiswa kwa nguvu, unaweza kupoteza uimara wake ghafla. Chembe zake hujaribu kujibana, maji yaliyo katikati hayana pa kwenda, shinikizo lake hupanda, na ardhi iliyokuwa imara hugeuka kama uji. Wataalamu huita hali hii kuyeyuka kwa udongo. Mjini Niigata, Japani, mwaka wa 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu huku kuta zake zikiwa nzima, kwa sababu ardhi iliyoyabeba ilikuwa imeyeyuka. Barani Afrika, hali hiyo ilionekana katika nyanda za mito nchini Msumbiji baada ya tetemeko la kipimo cha 7 la Februari 2006.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ramani. Mikondo ya kale ya mto, ambayo wazee wa Kipokomo wanaijua na picha za setilaiti huionyesha, ndiyo sehemu za kutiliwa shaka zaidi. Kujenga shule au zahanati juu ya mkondo uliofukiwa ni kujenga mahali ambapo mchanga ni mlegevu na maji yako karibu.

Hatua ya pili ni kuchimba. Mbinu inayotumika sana ni ya kupigilia bomba ardhini kwa nyundo yenye uzito wa kilo 63.5 inayoangushwa kutoka kimo cha sentimita 76. Mafundi huhesabu mapigo yanayohitajika ili bomba lizame sentimita 30. Mapigo yakiwa machache, udongo ni mlegevu. Tangu 1971, wataalamu Harry Bolton Seed na I. M. Idriss walipochapisha utaratibu wao rahisi wa kukadiria hatari ya kuyeyuka, hesabu ya mapigo hayo imekuwa nyenzo ya msingi ya kuamua kama mchanga wa mahali fulani utahimili mtikisiko wa nguvu fulani.

Hatua ya tatu ni kupima kasi ya mawimbi yanayopita udongoni. Katika viwango vya Ulaya vinavyojulikana kama Eurocode 8, vilivyotolewa 2004, mwamba ni ardhi ambayo mawimbi ya mkato hupita kwa kasi ya zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Kasi ikiwa chini ya mita 180, udongo huwekwa katika daraja D, yaani ardhi laini. Udongo unaoweza kuyeyuka umewekwa kando katika kundi lake, na haujengwi juu yake bila uchunguzi maalumu.

Kuna pia mbinu nafuu iliyoenezwa na Mjapani Yutaka Nakamura mwaka wa 1989. Kifaa kimoja huwekwa chini kwa dakika kadhaa kisikilize mitikisiko midogo isiyosikika na binadamu, ile inayotokana na upepo, mawimbi ya bahari na magari. Kwa kulinganisha mtikisiko wa mlalo na wa wima, mtaalamu hupata muda ambao ardhi ya mahali hapo huchukua kuyumba mara moja. Muda huo ukikaribiana na ule wa jengo, mtikisiko hukuzwa, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Tabaka nene la udongo laini huyumba polepole, na hudhuru zaidi majengo marefu. Majengo mengi ya Garsen ni mafupi, hivyo huenda hatari yake kubwa isiwe kuyumba huko bali ardhi kuyeyuka na kuta kuwa dhaifu. Ni vipimo pekee vinavyoweza kuthibitisha hilo kwa kila kiwanja.

UKAGUZI WA MACHO

Baada ya ardhi ni zamu ya jengo lenyewe. Mbinu ya haraka zaidi ni ukaguzi wa macho kwa alama. Mwongozo unaojulikana zaidi ulichapishwa na shirika la majanga la Marekani, FEMA, mwaka wa 1988, na toleo lake la tatu likatoka 2015. Mkaguzi hulipa jengo alama ya mwanzo kulingana na aina yake, kisha hupunguza au kuongeza kulingana na anayoyaona. Kwa kawaida, jengo linalobaki na alama 2 au chini yake hupelekwa kwenye uchunguzi wa kina.

Mkaguzi hutazama umbo la jengo, kwani majengo yenye umbo la L au T hujipinda. Hutazama kama ghorofa ya chini imeachwa wazi kwa ajili ya maduka huku za juu zikiwa na kuta nzito. Hutafuta nyufa kwenye pembe za madirisha, kutu ya nondo inayopasua zege, na kuta ndefu zisizo na nguzo za kuzishikilia. Pwani, huuliza pia mchanga wa ujenzi ulitoka wapi, kwa kuwa mchanga wenye chumvi huila nondo kutoka ndani.

Katika Tana River, ukaguzi huo hukutana na aina tofauti za majengo. Nyumba za jadi za Wapokomo za fito na udongo, na zile za Waorma za miti iliyopindwa na kuezekwa nyasi au mikeka, ni nyepesi na hunyumbuka. Zikitikiswa huyumba, na hata zikianguka, paa la makuti haliui kama bamba la zege. Udhaifu wake ni mchwa na mafuriko yanayolainisha udongo wa kuta na kuozesha fito.

Majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa ni urithi wa kale wa pwani. Magofu ya Ungwana karibu na Kipini ni ushahidi. Kuta zake ni nene na nzito, lakini hazina chuma cha kuzizuia zisifunguke. Aina ya tatu, inayoongezeka, ni nyumba za matofali ya saruji zilizoezekwa mabati. Wengi huziona kuwa za kudumu kuliko zote, na dhidi ya maji ni kweli. Dhidi ya tetemeko, uimara wake hutegemea vitu visivyoonekana baada ya lipu kupakwa: je, kuna mkanda wa zege juu ya madirisha na chini ya paa? Je, kuta mbili zinazokutana pembeni zimefungamanishwa?

HESABU YA NGUVU YA MLALO

Jengo likitiliwa shaka, mhandisi huanza hesabu. Mbinu rahisi hulichukulia tetemeko kama nguvu moja inayolisukuma jengo kutoka ubavuni. Kadiri jengo lilivyo zito ndivyo nguvu hiyo inavyokuwa kubwa. Hii ndiyo sababu nyumba ya udongo na makuti huponea mahali ambapo nyumba dhaifu ya matofali huanguka.

Tuchukulie mfano wa jengo la madarasa la ghorofa moja juu, lenye kimo cha mita 7, nguzo za zege na uzito wa tani 400. Kwa fomula ya Eurocode 8, jengo la aina hiyo huyumba mara moja kwa takriban sekunde 0.32. Ikiwa nguvu ya kubuniwa juu ya mwamba ni sehemu moja ya kumi ya uzito, jengo litasukumwa kwa nguvu ya tani 40. Likihamishiwa kwenye udongo wa daraja D, kwa mitetemeko ya wastani viwango hivyo huongeza nguvu hiyo angalau mara 1.8. Tani 40 zinakuwa angalau 72. Jengo ni lilelile, mchoro ni uleule na fundi ni yuleyule. Kilichobadilika ni ardhi.

Mbinu hii inafaa majengo mafupi yenye umbo la kawaida, yaani mengi ya Garsen, Hola na Tarasaa. Majengo marefu au yenye umbo lisilo sawa huhitaji mbinu ya pili, ya spektra ya mwitikio. Jengo refu haliyumbi kwa namna moja tu. Sehemu ya juu inaweza kwenda mashariki huku ya katikati ikienda magharibi. Kompyuta huhesabu kila namna ya kuyumba, kisha hujumlisha athari zake mpaka angalau asilimia 90 ya uzito wa jengo iwe imehesabiwa.

KUSUKUMA HADI KUVUNJIKA

Mbinu hizo mbili huchukulia kuwa jengo hubaki zima na kurudi lilivyokuwa. Kwa kweli, katika tetemeko kubwa jengo hupasuka. Swali ni kama litapasuka na kusimama, au litapasuka na kuanguka.

Kujibu hilo, wahandisi hutumia mbinu ya kusukuma hadi mwisho, iliyoenea tangu miaka ya 1990. Mfano wa jengo katika kompyuta husukumwa ubavuni kidogo kidogo. Mhandisi hutazama ni kiungo kipi kinachoshindwa kwanza, kipi kinafuata, na jengo limesogea sentimita ngapi kabla ya kuporomoka. Jengo zuri ni lile ambalo mihimili yake huanza kuchoka kabla ya nguzo. Nguzo ikitangulia kuvunjika, kilicho juu yake hushuka chote.

Mbinu ya mwisho na ya gharama kubwa zaidi ni kulitikisa jengo hilo la kompyuta kwa rekodi za mitetemeko halisi, sekunde baada ya sekunde. Eurocode 8 inataka rekodi zisizopungua 3; zikitumika 7 au zaidi, mhandisi huruhusiwa kutumia wastani wa matokeo. Rekodi za mitetemeko mikali ya Afrika Mashariki ni chache, hivyo wataalamu mara nyingi hulazimika kuazima za nchi nyingine na kuzirekebisha. Mbinu hii haina nafasi katika nyumba ya kawaida, lakini inafaa hospitali kubwa au daraja kama linalovuka Tana karibu na Garsen kuelekea Witu na Lamu, ambako nguzo hukabiliwa na udongo laini na mikondo inayochimba msingi kila mafuriko yanapokuja.

JENGO LIFANYE NINI?

Mbinu zote hizo hazina maana bila kuamua jengo linatakiwa kufanya nini. Wataalamu hutaja viwango vitatu: jengo liendelee kutumika mara tu baada ya tetemeko, jengo lipate madhara lakini watu watoke salama, au jengo liharibike kabisa lakini lisianguke. Nyumba ya kawaida hupimwa kwa kiwango cha pili, dhidi ya tetemeko lenye uwezekano wa asilimia 10 kutokea katika miaka 50. Eurocode 8 inapendekeza nguvu za kubuni ziongezwe kwa asilimia 20 kwa shule, na asilimia 40 kwa hospitali.

Kwa Tana River, uamuzi huo una uzito wa pekee. Darasa linalopokea familia zilizokimbia maji si darasa tu, ni kimbilio. Mafuriko huijaza ardhi maji, na ardhi iliyojaa maji ndiyo inayoyeyuka kwa urahisi. Wakati ambapo jengo lina watu wengi zaidi ndio wakati ambapo udongo wake ni dhaifu zaidi.

SHERIA ZINASEMAJE?

Kenya haikuanza jana kulifikiria suala hili. Mwaka wa 1973, Wizara ya Ujenzi ilitoa mwongozo wa kubuni na kujenga majengo kwa kuzingatia mitetemeko, ukiigawa nchi katika kanda kulingana na ukali unaotarajiwa, na Bonde la Ufa likawekwa katika kanda za juu. Sheria ya 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na mwaka wa 2024 serikali ikachapisha Kanuni mpya za Kitaifa za Ujenzi kuchukua nafasi ya zile za 1968.

Hata hivyo, ramani ya kanda huonyesha tu nguvu ya tetemeko linalotarajiwa katika eneo pana. Haionyeshi kwamba kiwanja kimoja kiko juu ya udongo mgumu na cha jirani kiko juu ya mkondo uliofukiwa. Kazi hiyo hubaki kwa mhandisi, kwa kaunti inayoidhinisha mchoro, na kwa mwenye jengo anayelipia uchunguzi.

Mpangilio unaofaa basi si mgumu. Kwanza, ramani ya mikondo ya kale na uchimbaji wa kupima udongo kabla ya kuchagua kiwanja cha shule au zahanati. Pili, ukaguzi wa macho kwa majengo ya umma yaliyopo, kuanzia yale yanayotumiwa kama makimbilio. Tatu, hesabu ya nguvu ya mlalo kwa yatakayopatikana na alama za chini. Mbinu za kompyuta zibaki kwa hospitali na madaraja. Na kwa mwananchi anayejenga nyumba ya matofali, mkanda wa zege unaozunguka kuta zote na nondo zinazoshikana pembeni ni gharama ndogo ikilinganishwa na nyumba nzima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ardhi ya Mto Tana, ufa wa kwanza kutafutwa uko chini ya msingi, mahali ambapo jicho halifiki.